Mkono wa Sabaha na Mikorosho Thelathini na Miwili

Watu wa Nambilanje walizoea kumsikia Sabaha kabla ya kumwona. Umande bado uko kwenye majani, tayari panga linasikika upande wa mikorosho, ko, ko, ko, na wanawake wanaopita na ndoo za maji wanaambiana, "Binti Mohamedi keshapanda." Keshapanda juu ya mti, maana yake. Kupogolea mikorosho ilikuwa kazi ya wanaume, na mwanamke asiye na mume alitafuta kibarua wa kumpandia. Sabaha hakutafuta. Alijifunga kanga kiunoni, akavaa suruali kuukuu ndani yake, akapanda. Waliosema wakasema mpaka wakachoka, na yeye bado yuko juu.

Shamba lilikuwa la mama yake. Kwa Wamwera shamba la namna hiyo hufuata tumbo la mama, na anayelisemea mbele za watu ni mjomba. Miti ilikuwa thelathini na miwili. Mwaka sabini na nne watu walipohamishiwa vijijini, mashamba mengi yalimezwa na pori. Mama yake Sabaha alihama kama alivyoamriwa, akajenga alipoonyeshwa, lakini kila kukicha alirudi kwenye miti yake, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Sabaha alikuwa darasa la sita wakati huo. Akitoka shule alimfuata mama na panga dogo lililokatwa kutoka panga kubwa lililovunjika. Alivyojua kushika kalamu ndivyo alivyojua kushika panga, na kwa kweli panga alilishika vizuri zaidi.

Akamaliza darasa la saba, akaolewa, akazaa, akabaki na binti mmoja ambaye naye aliolewa Nanganga. Mume alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Aliyapata, ila aliyapata pamoja na mke mwingine, na hakurudi. Mama akafa. Dada mkubwa akafa, akaacha kijana wake, Mustafa. Sabaha akabaki na miti.

Kisha ikaja mvua ile ya mwaka tisini na saba, iliyoitwa El Nino hata na watoto wadogo. Mvua haikujua kukoma. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda na maji, na majani shambani yakawa kama yanavutwa na mtu kutoka juu. Unalima leo, kesho kutwa huoni ulipolima. Sabaha alishika jembe asubuhi, panga mchana, na jioni mchi wa kutwangia. Wiki baada ya wiki, mkono ule ule wa kulia.

Maumivu yalianzia ndani ya kiwiko, upande ule unaogusa ubavu mtu akitembea, juu ya kile kifundo cha mfupa. Mwanzoni yalimchoma alipokamua kanga tu. Akayapuuza. Mara yakamchoma akinyanyua birika, akifungua kifuniko cha dumu, hata akipeana mkono na mtu msibani. Ilipofika Januari alikuwa akiamka vidole vimekaza kama vya kuku aliyechinjwa.

Siku moja alikuwa juu ya mti wa tatu kutoka njiani. Akainua panga, akalishusha, na vidole vikafunguka vyenyewe. Panga likaenda chini likizunguka, likajichoma ardhini hatua moja mbele ya Mustafa aliyekuwa akipita na baiskeli.

"Mama mdogo! Unataka kuniua?"

"Ningetaka kukuua ningekulenga," Sabaha akajibu kutoka juu. "Nipe hilo panga."

Mustafa hakumpa. Alimtazama anavyoshuka, mkono mmoja umekumbatia tawi na mwingine unaning'inia, akaondoka moja kwa moja kwenda kwa mzee Lukumani.

Lukumani alikuwa mjomba wa Sabaha, mdogo wa mwisho wa mama yake, mzee mnene wa maneno machache. Mwanzoni mwa Machi aliita kikao nyumbani kwake. Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mkeka.

"Babu," Mustafa akasema, akimtazama Lukumani na si mama yake mdogo, "mimi sina ubaya. Lakini mkono wa mama mdogo umekufa. Shamba la mtu mwenye mkono mfu litaota msitu. Moto ukishika pale, utakula mikorosho ya watu wote mpaka kwa jirani Eusebio. Mimi nina nguvu. Nipeni, na mama mdogo atakula kwangu."

"Kwako wapi?" Sabaha akauliza kutoka mkekani. "Kwenye hicho chumba chenye redio na godoro?"

Watu wakacheka. Lukumani akainua mkono wakanyamaza.

"Sabaha, mkono unauma au hauumi?"

"Unauma."

"Unaweza kupogolea?"

Sabaha akasimama, jambo ambalo wanawake hawakulifanya kwenye kikao. "Mjomba, leo siwezi. Lakini leo siyo mwaka mzima. Miti ile mama aliirudia kwa miguu wakati wengine humu waliiacha ya kwao ikawa nyumba za nguruwe pori. Mimi sikuiokota. Kama mnataka kunipa muda, nipeni. Kama mnataka kuninyang'anya, njooni na panga mnikute pale."

Wazee wakanong'onezana. Uamuzi wa Lukumani ulikuwa huu: siku ya kwanza ya kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa maua ya mikorosho, pale kijijini, wazee watakwenda kukagua. Wakikuta miti yote thelathini na miwili imepogolewa, chini peupe, kwa mkono wa Sabaha na si wa kibarua, shamba ni lake na neno limekwisha. Wakikuta mmoja bado, litakwenda kwa Mustafa. Salfa kawaida ilianza katikati ya Juni. Zilikuwa wiki kumi na nne.

Nyumbani walimfunga mkono kwa kanga shingoni, kama ilivyo desturi. Akakaa nao hivyo siku nne, na siku ya tano kiwiko kilikataa kunyooka. Akaifungua kanga ile, akaitupa kitandani. Alikuwa amesikia kwa wanawake waliowahi kubangua korosho Nachingwea kwamba hospitalini kule kuna mtu wa viungo ambaye hachomi sindano wala hakati. Akatia unga na karanga kwenye kifurushi, akatembea siku moja na nusu mpaka Ruangwa, maana gari halikupita kwa ubovu wa njia, na Ruangwa akapata lori.

Mtu wa viungo aliitwa Felisian. Chumba chake kilikuwa kwenye jengo la zamani, lililojengwa na Wazungu wa ule mradi wa karanga wa zamani za mkoloni, na ndani mlikuwa na kitanda, kioo kirefu na kamba iliyopitishwa kwenye gurudumu darini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari."

"Mimi siyo daktari. Vidonge sina."

"Sasa una nini?"

"Nina mikono miwili na maneno mengi."

"Maneno nimeyaacha mengi nyumbani. Anza na mikono."

Felisian akamnyoosha mkono, akamgeuza kiganja juu, akamwambia akunje kifundo cha mkono huku yeye akikizuia. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kile kifundo cha mfupa, upande wa ndani.

"Hapa?"

"Hapo hapo! We mtu, unabonyeza au unachoma moto?"

"Basi nimeipata." Akamkalisha, akamweleza. Nyama zote za kukunja vidole na kufunga ngumi, alisema, zinakusanyika kuwa kano moja, na kano hiyo inajishikiza pale kwenye mfupa. "Haijakatika. Imechakaa, kama kamba ya ndoo inavyochakaa pale inaposugua ukingo wa kisima. Tofauti ni kwamba kamba ikichakaa imechakaa. Kano ukiilisha kazi ndogo ndogo, kwa kipimo, inajisuka tena."

"Kazi? Nyumbani walinifunga nisifanye lolote."

"Ukiifunga inanyauka. Ukiitumikisha kupita kiasi inachanika. Tunapita katikati."

Akamfundisha. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi akiweke kiwikoni, asubuhi na jioni. Kidole gumba cha kushoto kisugue kano kwa upana wake, si kwa urefu. Anyooshe mkono mbele, kiganja juu, avute vidole chini kwa mkono mwingine, ahesabu thelathini. Kisha chupa ya nusu lita yenye maji: aweke mkono mezani, kiganja juu, kifundo kipite ukingo, mkono wa kushoto usaidie kuipandisha chupa, wa kulia uishushe peke yake, polepole, moja, mbili, tatu, nne. Mara kumi na tano, apumzike, arudie, mpaka mara tatu. Baada ya wiki tatu badala ya maji atie mchanga.

"Yaani kazi ni kushusha?"

"Kushusha ndiyo dawa. Kupandisha kila mtu anajua."

La mwisho lilikuwa mkanda. Akate mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili, aufunge chini kidogo ya kiwiko kila anapofanya kazi, ili mvuto uishie kwenye mkanda usifike kwenye kano. Pale chumbani hapakuwa na mpira, kwa hiyo Felisian akachukua dawa ya bluu, ile ya kupaka vidonda, akamchorea mistari miwili kwenye mkono. "Mkanda ukae kati ya hii mistari. Haitafutika mpaka ufike nyumbani."

"Nitapona lini?"

"Ukifanya hivi bila kuruka, wiki kumi na mbili."

Sabaha akahesabu kwa vidole. "Ninazo kumi na mbili na siku tatu," akasema, akajifunga kifurushi chake.

Sasa hapo ndipo alipokosea, na kosa lilikuwa lake, hakuna wa kumsingizia. Nambilanje alikuwepo Bibi Amna, mchanjaji chale maarufu. Bibi Amna hakuwahi kugusa wembe kabla ya kuchora. Alichukua mkaa, akachora mistari miwili pale dawa itakapoingia, ndipo akachanja katikati. Kila mtu pale alijua mistari miwili kwenye mkono ina maana gani. Bibi Amna alipokuja kumpa Sabaha pole ya safari, macho yakaenda kwenye ile bluu.

"Lo! Kumbe na hospitali wanachora?"

"Amesema niweke mkanda hapo, bibi."

"Mkanda wa nini? Amekuonea haya, huyo. Wao wamekatazwa kuchanja, basi amekuchorea akijua kwenu kuna mwenye wembe. Na kapachora vizuri, mimi mwenyewe ningepachora papo hapo."

Sabaha alifikiri. Mwili ulikuwa umechoka na safari, na wiki zilikuwa chache. Akaona dawa ya hospitali ikifanya kazi kwa nje na ya Bibi Amna kwa ndani, mkono utapona kwa nusu ya muda. Akajiona mjanja. Akanyoosha mkono.

Siku ya tatu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Siku ya sita ukatoa usaha. Mkanda haukuweza kukaa pale hata dakika moja, na chupa hakuweza kuishika. Bibi Amna akasema ni ugonjwa unatoka. Sabaha akamwambia, "Bibi, unaotoka siyo ugonjwa, ni wiki zangu," akafunga kifurushi tena, akarudi Nachingwea.

Felisian aliona kidonda, akaona mistari ya bluu iliyofifia pande zote mbili.

"Nani amekuchanja, mama?"

"Usinipigie kelele. Amechanja aliyeona umechora."

Felisian akaelewa, akaanza kucheka mpaka akashika kitanda. Sabaha akamtazama bila kucheka.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu. Sikufikiri."

"Nusu yako, nusu yangu. Haya, niambie nimepoteza ngapi."

Alikuwa amepoteza wiki mbili kamili, pamoja na siku za kidonda kupona. Akasafishwa, akapewa dawa na wenzake Felisian wa chumba kingine. Kisha Felisian akauliza kwa nini ana haraka kiasi kile, na Sabaha akamweleza habari za kikao, miti na Mustafa. Yule mtu akakaa kitako.

"Panga hutashika mwaka huu," akasema.

"Unasema nini wewe?"

"Panga linakata kwa kifundo cha mkono, na kila pigo linatua kwenye kano. Chukua msumeno. Msumeno unavutwa na bega. Mpini wake uzungushie mpira uwe mnene, ngumi isikaze sana. Siku moja kazi, siku moja pumziko. Na ukianza, iwe baada ya majuma matano, si kesho."

Sabaha aliudhika kuliko alivyoudhika na chale. Msumeno! Kama seremala wa madirisha! Njia nzima ya kurudi Ruangwa alikuwa akigombana na Felisian kichwani, na mara zote Felisian alishinda, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa upande wake.

Basi akaanza. Asubuhi na jioni alikaa kwenye kibao barazani, mkono umelala juu ya kinu alichokigeuza, chupa mkononi. Moja, mbili, tatu, nne. Njia ya kisimani ilipita mbele ya baraza, na midomo ya watu haikukosa kazi.

"Sabaha, unafukuza nzi?"

"Nzi mmoja tu," alisema. "Naona kashaondoka na ndoo yake."

Mustafa naye akapita, shati limepigwa pasi, akasimamisha baiskeli.

"Mama mdogo, hiyo chupa ina nini? Gongo?"

"Ina mchanga. Nimeuchota shambani kwangu, ili ukiniona ujue ni wapi unapopatamani."

Wanawake wale wale waliocheka, miaka sita au saba baadaye, walikuwa wakimfuata barazani na viwiko vyao, wakiwa wamepalilia ufuta mpaka wamekwisha, na Sabaha akiwakalisha kwenye kile kibao na kuwahesabia kwa ukali: "Polepole! Nani anakufukuza? Shusha!" Lakini wakati ule alikuwa peke yake, na siku zilikuwa zinakwenda. Kuna asubuhi alizoamka mkono umetulia kabisa akatamani kushika panga. Kuna asubuhi alizoamka unauma kama siku ya kwanza, akatamani kuitupa chupa. Hakufanya lolote katika hayo mawili. Alihesabu.

Mwanzoni mwa Mei alipanda mti wa kwanza, mkanda wa mpira mkononi, mpini wa msumeno umezungushiwa mpira mpaka unaonekana kama mguu wa mtoto. Alikata tawi moja kavu. Akasubiri maumivu yaje. Yakaja madogo, yakasimama mlangoni, hayakuingia. Akakata la pili. Siku ile alimaliza mti mmoja akashuka, ingawa mkono ulikuwa unamwomba aendelee. Chini alifyeka kwa mkono wa kushoto, vibaya vibaya, kama mtoto anayejifunza kuandika, lakini palikuwa peupe. Siku moja kazi, siku moja pumziko. Mti mmoja, baadaye miwili. Alipofika wiki ya kwanza ya Juni alikuwa amemaliza ishirini na minane. Minne iliyobaki aliipangia siku mbili za kazi, na bado wiki nzima ingebaki mbele yake.

Ila Mustafa naye alikuwa na hesabu yake. Kikao hakikutaja tarehe. Kilisema siku ya kwanza ya kupuliza salfa. Mustafa akaenda Ruangwa, akaazima mashine ya salfa kwa rafiki yake, na asubuhi moja, wiki nzima kabla ya watu wengine, akaiwasha kwenye mikorosho yake mwenyewe ambayo haikuwa na ua hata moja. Moshi wa njano ukapanda, kijiji kizima kikauona. Akazima mashine, akanawa, akavaa shati la pasi, akamfuata Lukumani.

Sabaha alikuwa anafunga mkanda kiwikoni alipowaona wakija kwa mstari: Lukumani mbele na bakora, wazee wawili wa ukoo nyuma yake, na Mustafa mwisho.

"Salfa imeanza," Lukumani akasema baada ya salamu. Alionekana hana raha.

"Salfa imeanza au Mustafa ameanza?"

"Mama mdogo, salfa ni salfa," Mustafa akasema.

"Maua yako yako wapi, we mtoto? Unapulizia majani ili yanukie?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Lakini neno la kikao lilikuwa limesemwa hivyo, na Lukumani hakuwa mtu wa kuligeuza. Wakazunguka shamba wakihesabu. Ishirini na minane imepogolewa, chini pamefyekwa. Minne bado.

"Minne, babu," Mustafa akasema. "Mlisema hata mmoja."

Lukumani akavuta pumzi. "Sabaha, tulisemaje?"

"Mlisema siku ya kwanza ya salfa, Mjomba. Siku ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. Kaeni."

"Tukae?"

"Mmekuja kukagua, kagueni. Magogo hayo hapo, nimeyakata mwenyewe."

Wazee wakatazamana, wakakaa kwenye magogo. Sabaha akapanda. Alikata matawi ya chini, akakata makavu, akakata machipukizi yanayonyonya mti. Alipomaliza tawi nene alisimamisha msumeno, akanyoosha mkono mbele, kiganja juu, akavuta vidole, akahesabu thelathini kwa sauti.

"Anafanya nini?" mzee mmoja akanong'ona.

"Anasoma dua?" wa pili akauliza.

"Nahesabu!" Sabaha akajibu kutoka juu. "Mkinisemesha naanza upya."

Mti wa kwanza ukaisha saa nne. Wa pili ukaisha saa sita, na jua lilikuwa limewafikia wazee pale kwenye magogo. Desturi ya ukoo ilijulikana na kila aliyekuwa pale: wazee wakija kwa mtu kwa neno la ukoo, mwenye mji huwapikia. Walikuwa wametoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni kwa kutegemea hilo. Sabaha akafunga msumeno mgongoni, akaanza kupanda mti wa tatu.

Lukumani akajikohoza. "Sabaha, mwanangu. Wageni wako hawajala tangu asubuhi."

"Najua, Mjomba. Unga upo, kisamvu kimetwangwa, na jogoo yule mnamsikia. Lakini si mliambiwa mkono huu umekufa? Maiti hasongi ugali. Mwambieni Mustafa akasonge, yeye ana nguvu."

"Mimi?" Mustafa akasema.

Mzee aliyekohoa asubuhi sasa alicheka wazi, mpaka kofia ikamwanguka.

"Shuka basi upike," Lukumani akasema. "Maneno tutayamaliza baada ya kula."

"Hapana." Sabaha alikaa kwenye panda ya mti, miguu inaning'inia, akawatazama wote wanne. "Nikishuka sasa mtakula changu, mtajifuta midomo, kisha mtasema miwili ilibaki. Chagueni hapa hapa. Huu mkono ni mzima au umekufa? Kama ni mzima, shamba lina mwenyewe, na mwenyewe atawapikia jogoo. Kama umekufa, msidai chakula kwa marehemu. Nendeni mkale kwa Mustafa, kwenye redio."

Mustafa akafungua mdomo, na Lukumani akamnyooshea bakora bila kumtazama. Kisha Lukumani akainuka kwenye gogo kwa shida, akapangusa kanzu.

"Tangu asubuhi nautazama mkono huo unavuta msumeno," akasema. "Mimi ni mzee, siyo kipofu. Na salfa ya mtu mmoja kwenye miti isiyo na maua siyo salfa ya kijiji, tulipaswa kulisema hilo mapema. Mkono ni mzima. Shuka upike."

"Na shamba, Mjomba?"

"Nani amesema kitu juu ya shamba?"

"Ninyi. Mbele ya watu. Lirudisheni mbele ya watu, na mipaka yake."

Lukumani akaguna, lakini alikwenda. Alitembea kwenye jua lile na wazee wawili kama mashahidi, akigusa kwa bakora kila mahali anapopataja: kutoka kwenye kichuguu mpaka korongo la maji, kutoka korongo mpaka kwa Eusebio, kutoka kwa Eusebio kurudi njiani, miti thelathini na miwili, ya Sabaha binti Mohamedi kwa tumbo la mama yake. Mzee mmoja aliruka pembe moja kwa njaa, na Sabaha akapaza sauti kutoka mtini kwamba pembe ile nayo ina mwenyewe. Wakairudia.

Waliporudi kwenye magogo, walimkuta ameshuka mti wa tatu na anapanda wa nne.

"Sabaha! Si tumekwisha?"

"Ninyi mmekwisha, Mjomba. Mimi nimebakiza mmoja."

Jogoo alichinjwa saa tisa. Ugali uliiva karibu saa kumi, na wakati unapoa Sabaha alikaa kando ya mtungi, kitambaa cha maji kimemzunguka kiwiko, kwa sababu kilikuwa kinauma, na hilo hakuona haja ya kumwambia mtu. Lukumani alivuta kibao karibu na sinia, akatafuta kwa macho maji ya kunawa.

"Mustafa," Sabaha akasema bila kuinuka, "birika hilo hapo. Wanawishe wazee. Mkono wangu leo umemaliza zamu."

Mustafa akalitazama birika. Wazee watatu walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono mbele yake, wanangoja. Akalichukua.